Mkopo wa HELB kwa daktari aliye mafunzoni: jinsi ya kupata nafuu kabla faini haijakulemea

Mwezi uliopita daktari mwanagenzi mmoja alinikuta kantini ya hospitali hapa Kisumu, akaweka simu yake mezani kando ya kikombe changu cha chai. "Daktari, hebu niangalizie hii. Mimi sikukopa pesa hizi zote."

Alikuwa amekopa kutoka HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, shilingi 50,000 kila mwaka kwa miaka 6 ya udaktari, jumla 300,000. Taarifa ya mkopo ilikuwa na mistari tisa inayofanana, kila mmoja shilingi 5,000, mwezi baada ya mwezi. Hiyo ndiyo faini ya kutolipa, na ilikuwa imefika 45,000. Riba ya miezi hiyohiyo tisa, kwa asilimia 4 kwa mwaka, ni kama 9,000 tu.

Nimewaona wengi wa aina yake, Kisumu, Kakamega, Eldoret na Nakuru, wa meno na wa tiba kwa jumla. Wote wanaogopa deni, na karibu wote wanaogopa kitu kisichostahili. Mkopo wa HELB wenyewe ni wa bei nafuu kuliko karibu kila mkopo utakaowahi kuupata maishani. Kinachotuumiza ni kunyamaza. Bodi haijui kwamba ulikaa nyumbani miezi tisa ukingoja kutumwa kituoni, kwa hiyo mashine inaendelea kuhesabu. Nafuu nyingi ninazozieleza hapa zinaanza na wewe kusema mapema, kwa maandishi.

Usingoje msamaha wa Marekani

Niliondoe hili kwanza, maana nimeulizwa mara nyingi. Marekani kuna mpango ulioanzishwa kwa sheria ya 2007 ambapo mtu anayefanya kazi ya umma, akiwemo daktari wa hospitali isiyo ya faida, akilipa marejesho 120 yanayokubalika, salio la mkopo wake wa serikali linafutwa. Kumekuwa pia na mswada huko wa kuwaruhusu madaktari na madaktari wa meno walio mafunzoni waahirishe kulipa bila riba kuongezeka. Vijana wanasoma habari hizo usiku wakiwa zamu, wanadhani hata hapa kuna kitu kama hicho, wanakaa kungoja.

Hapa hakuna mpango wa kumfutia daktari deni kwa sababu ya kazi yake. Sheria ya HELB ya 1995 haibagui mwalimu, mhandisi wala daktari. Wabunge wameleta miswada ya kulegeza masharti mara kadhaa, lakini usipange maisha yako kwa mswada.

Mwaka mmoja unavyotuponyoka

Sheria inasema uanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Kwa mhitimu wa kawaida, mwaka huo ni wa kutafuta kazi. Kwetu unakwenda hivi: unamaliza mtihani wa mwisho, unangoja mahafali, unangoja leseni ya uanagenzi kutoka KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno, unangoja Wizara ya Afya itoe orodha ya vituo. Unaporipoti "Russia", kama tunavyoita hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, miezi tisa ya ule mwaka imeshapita. Mwezi wa tatu au wa nne wa uanagenzi, ukiwa katikati ya zamu za wodi ya kujifungulia na mshahara pengine bado haujatoka, kipindi kimekwisha na faini inaanza.

Kwa hiyo andika tarehe mbili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako la zamu: siku uliyomaliza masomo, na siku hiyohiyo mwaka unaofuata. Kila hatua inayofuata inahesabiwa kutoka hapo.

Hatua ya kwanza: ona deni lako kwa macho yako

Bonyeza *642# au fungua programu ya HELB kwenye simu, uombe taarifa ya mkopo. Ukipendelea kuzungumza na mtu, kuna dawati la HELB katika vituo vya Huduma. Kisumu, Nakuru, Kakamega na Eldoret vyote vipo. Nenda asubuhi na kitambulisho.

Usiangalie jumla peke yake. Angalia kila awamu ya pesa iliyoingia, uilinganishe na unazokumbuka kuzipokea. Angalia nambari ya simu na barua pepe walizonazo, kwa sababu wengi wetu tulijaza fomu tukiwa kidato cha nne juzi, na laini ile ilishapotea. Ujumbe wa kukuonya unakwenda kwa mtu mwingine. Kubadilisha anwani bila kuwaambia ni kosa lako kisheria, si lao.

Kisha angalia majina ya wadhamini wako wawili. Mdhamini wangu mmoja alikuwa mjomba, mkulima wa miwa Mumias, aliyetia sahihi bila kuuliza swali. Nilipofikiria kwamba yeye ndiye angetafutwa kwa deni langu, nililichukulia jambo hili kwa uzito ambao barua yoyote ya bodi isingeweza kunipa.

Hatua ya pili: tarehe ya kumaliza masomo ikiwa imekosewa

Hii ni fupi lakini imewaokoa watu. Udaktari wa tiba ni miaka 6 na wa meno ni 5 kwenye karatasi, ila 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, na migomo ya wahadhiri imesukuma kalenda za watu wengi. Wengine walirudia mwaka. Ikiwa rekodi ya HELB inaonyesha ulimaliza kabla ya siku uliyomaliza kweli, mwaka wako wa kupumua unaliwa ukiwa bado darasani. Omba barua kwa msajili wa chuo, Maseno, Moi, Egerton au popote uliposoma, inayotaja tarehe halisi ya mtihani wa mwisho, uipeleke HELB, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ikiwa kuna faini zilizoingia kwa sababu ya tarehe mbaya, barua hiyo ndiyo hoja yako ya kuziondoa.

Hatua ya tatu: andika kabla mwaka haujaisha

Hapa ndipo nataka ukae kidogo. Ukifika mwezi wa kumi tangu umalize masomo na bado hujaanza kupokea mshahara, iandikie bodi. Usipige simu tu. Simu haina muhuri wala tarehe, na afisa aliyekuambia "sawa, daktari, nimeelewa" kesho amehamishiwa dawati lingine.

Barua iwe ukurasa mmoja. Mimi huwasaidia wanagenzi kuiandika namna hii:

"Mimi ni mhitimu wa shahada ya udaktari, nambari ya kitambulisho ifuatayo. Nilimaliza masomo tarehe hii. Kwa mujibu wa sheria siwezi kuajiriwa kama daktari kamili kabla ya kumaliza mwaka mmoja wa uanagenzi. Nimetumwa, au bado ninangoja kutumwa, kituo hiki. Hadi leo sijapokea mshahara wowote. Ninakiri deni langu na nia yangu ni kulilipa. Ninaomba kuanza kulipa mwezi wa kwanza baada ya mshahara kutoka, kwa awamu za shilingi kadha kila mwezi, na ninaomba nisitozwe faini kwa kipindi hiki. Naomba jibu kwa maandishi."

Ambatanisha barua ya kutumwa kituoni, au kama bado, uthibitisho kwamba umeomba. Ambatanisha pia nakala ya kitambulisho na taarifa ya benki ya miezi mitatu inayoonyesha hakuna mshahara ulioingia. Sentensi inayosema "ninakiri deni langu" usiiache. Wapo wanaoandika kama wanaolalamika, na afisa anayesoma barua mia kwa siku anatafuta mtu anayetaka kulipa.

Bodi ndiyo inayoamua. Inaweza kukubali yote, kukubali awamu ndogo bila kugusa faini, au kukutaka uongeze vielelezo. Lakini barua yenye muhuri wa kupokelewa kabla ya siku ya mwisho itakufaa miaka miwili mbele utakapojadili faini, kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Iweke kwenye simu na kwenye barua pepe yako pia. Vyumba vya madaktari wa zamu havitunzi karatasi.

Hatua ya nne: mwaka wa uanagenzi, wakati una mshahara

Wanagenzi wengi humfuata mhasibu wa hospitali kuuliza kuhusu makato ya HELB. Mara nyingi mnasumbuana bure. Wewe uko Kisumu au Nakuru kwa kazi, lakini mwajiri wako kwa mwaka huo ni Wizara ya Afya, na makato yanafanyiwa huko. Usidhani kwamba kwa kuwa umeajiriwa na serikali, serikali itajua yenyewe kukukata. Angalia hati yako ya malipo. Kama hakuna mstari wa HELB, hakuna anayekulipia, na saa inaendelea kuhesabu.

Mshahara wenyewe tuliupigania. Mkataba wa pamoja wa kazi (CBA) wa 2017 uliweka shilingi 206,400 kwa mwanagenzi. Mwaka wa 2024 serikali ilitaka kulipa 70,000, madaktari wakagoma siku 56 hadi tarehe 8 Mei, na Desemba mwaka huo chama cha madaktari, KMPDU, na serikali wakatia sahihi makubaliano ya kurudi kwenye kiwango cha mkataba. Tufanye hesabu ya 206,400. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani 5,676. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 3,096. Kodi ya mapato inakaribia 51,700. Unabaki na kama 145,900 kabla ya NSSF na ada ya chama.

Ushauri wangu, na najua si wote watakaokubaliana nami: lipa kwa nguvu mwaka huu. Ukitoa 25,000 kila mwezi, kwa miezi 12 umelipa 300,000, na mkopo kama ule wa dada wa kantini umebakiza riba na faini tu. Hata 10,000 kwa mwezi ni 120,000 kwa mwaka. Najua wewe ni kifungua mimba, kuna karo ya mdogo wako na paa la nyumba ya mama, na kila mtu nyumbani amesikia kwamba daktari ameanza kulipwa. Lakini mwaka huu ni wa mshahara wa uhakika, na unaofuata huenda usiwe. Tenga pesa za HELB kwanza, kisha waambie nyumbani kiasi kilichobaki.

Kulipa kwa M-Pesa ni rahisi: Paybill 200800, nambari ya akaunti ni nambari ya kitambulisho chako. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Baada ya siku chache bonyeza tena *642# uhakikishe pesa imeingia. Ila angalia jambo hili: ukilipa kiasi kidogo kuliko awamu mliyokubaliana, akaunti bado inaweza kuhesabiwa imekwama. Ndiyo maana awamu iandikwe na ikubaliwe kwanza.

Na kuna hesabu ambayo sijaona ikielezwa vya kutosha. Faini ni 5,000 kwa mwezi, uwe na deni kubwa au dogo. Aliye na deni la 300,000 faini ya mwaka mzima ni 60,000, sehemu moja kwa tano ya deni. Aliyebakiza 60,000, faini ya mwaka ni sawa na deni lote. Kwa hiyo usimalize sehemu kubwa halafu ukastarehe ukisema kilichobaki ni kidogo. Kidogo ndicho kinachoumiza zaidi kikiachwa.

Hatua ya tano: pengo baada ya uanagenzi

Siku ya mwisho ya uanagenzi mshahara unakatika. Kuna usajili kamili wa KMPDC wa kulipia, leseni, bima ya kitaaluma, na nafasi za kaunti hazitangazwi kila siku. Wenzetu wengi wanaishi kwa zamu za kulipwa kwa siku katika hospitali za kibinafsi za Kondele, Milimani au barabara ya kwenda Kakamega. Hapa ndipo wengi waliolipa vizuri mwaka mzima wanakwama.

Wiki ile unayomaliza, andika barua ya pili: mkataba umeisha, ninatafuta kazi, naomba awamu ipunguzwe hadi nipate ajira, nitawajulisha. Ambatanisha barua ya kumaliza uanagenzi. Kisha endelea kutuma chochote ulichokubaliwa, hata kiwe kidogo. Kwa deni la 300,000, shilingi 1,000 kwa mwezi inaziba riba tu, lakini akaunti yako inaonekana hai.

Usikope kwenye programu za simu ili kulipa HELB. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi, yaani mara tatu ya riba ya HELB, na programu za simu hutoza zaidi sana. Ninaloweza kukubali ni mkopo wa sacco wa kumaliza kabisa deni dogo linaloliwa na faini. Piga hesabu kabla ya kutia sahihi.

Ukipata kazi ya kibinafsi, mpe mwajiri habari za mkopo siku ya kwanza. Sheria inamtaka aijulishe bodi na akate. Halafu mfuatilie. Miaka iliyopita nilifanya kazi katika hospitali moja ya kibinafsi huku magharibi iliyokata HELB kwenye mshahara wangu miezi minne bila kuwasilisha hata shilingi. Niligundua siku niliyoomba taarifa kwa sababu nyingine kabisa, nikakuta faini za miezi minne. Kilichoniokoa ni hati za malipo nilizokuwa nimezihifadhi, kila moja na mstari wake wa makato. Nilizipeleka HELB, mwajiri akatakiwa azilipe, na faini zikaondolewa kwangu. Ilichukua muda mrefu na safari tatu za kituo cha Huduma. Tangu siku hiyo huomba taarifa kila mwisho wa miezi mitatu.

Hatua ya sita: ukirudi shule kusomea ubingwa

Kurudi Eldoret au Nairobi kwa miaka minne au mitano ya ubingwa hakusimamishi mkopo wa shahada ya kwanza. Ule mwaka ulihesabiwa tangu ulipomaliza shahada ile.

Kama kaunti imekuachia ukasome huku ukilipwa, makato yanaendelea na huna la kufanya ila kuhakikisha hayajakatika wakati wa uhamisho. Kumbuka sheria ya ajira ya 2007 inakulinda: makato yote kwa pamoja hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Soma pia mkataba wa kurudi kuitumikia kaunti kabla ya kuutia sahihi, hasa kiasi utakachodaiwa ukiondoka mapema, kwa sababu hilo ni deni la pili linalosahaulika.

Anayejilipia ndiye ninayemwonea uchungu. Anafanya kazi wodini kama wenzake, analipa karo, na hana mshahara. Kama ni wewe, andika barua ya hatua ya tatu upya, mara hii na barua ya kukubaliwa chuoni na muundo wa karo, uombe awamu ndogo kwa kipindi cha masomo. HELB pia hukopesha wanafunzi wa shahada za juu, lakini masharti na riba yake ni tofauti na ule wa kwanza. Usiuchukue ukidhani ni mkopo uleule uliouzoea.

Faini zikiwa zimeshaingia

Dada yule wa kantini tulimfanyia hivi. Kwanza tuliomba taarifa kamili, tukatenganisha mkopo, riba na faini kwenye karatasi. Pili alianza kulipa siku hiyohiyo, kwa sababu kuomba kuondolewa faini huku hulipi kitu ni kazi ngumu. Tatu aliandika akieleza kila mwezi wa faini ulikuwa mwezi gani wa maisha yake: hii nilikuwa kituoni bila mshahara, hii mshahara ulikuwa umechelewa, na taarifa ya benki ikathibitisha.

Nne, fuatilia matangazo ya bodi. Mara kwa mara HELB hutangaza vipindi vya kusamehe faini, yote au sehemu kubwa, kwa wanaolipa deni lililobaki kwa mkupuo mmoja. Ukiwa na malimbikizo ya mshahara yanayokuja, kama wanagenzi waliodai tofauti ya mkataba, pesa hizo zina matumizi bora hapa kuliko kwenye gari.

Jina likiwa limeshapelekwa CRB, wanaoweka kumbukumbu za wadaiwa, malipo hayalisafishi papo hapo. Omba HELB ipeleke taarifa mpya, kisha uombe ripoti yako mwenyewe ili uone kama imebadilika.

Cheti

Bodi za utumishi wa kaunti zikiajiri madaktari, huomba cheti cha HELB pamoja na kile cha kodi cha KRA, cha mwenendo mwema, cha EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na cha CRB. Kama bado unalipa, unachohitaji ni cheti cha kuonyesha kwamba unatimiza wajibu. Ukishamaliza, cheti cha kumaliza. Usisubiri tangazo la kazi ndipo uanze kukiomba, kwa sababu matangazo hufungwa baada ya wiki mbili au tatu na akaunti iliyokwama hainyooki kwa siku hizo.

Ukishalipa shilingi ya mwisho, omba barua ya kusimamisha makato na uipeleke mwenyewe kwa mwajiri. Mishahara hupangwa mapema, hivyo mara nyingi utakatwa mwezi mmoja au miwili zaidi. Pesa hizo ni zako, na HELB hurudisha zilizozidi kwa anayezidai. Peleka hati ya malipo ya mwezi uliozidi pamoja na cheti. Kisha mpigie mdhamini wako. Mjomba wangu alikuwa shambani nilipompigia. Alinyamaza kidogo, akauliza kama sasa anaweza kuichoma ile nakala ya fomu aliyoitunza kwenye sanduku la bati miaka yote hiyo.